Fundi Asiyebomoa Jiko

Mgeni akinunua nyumba kuukuu Korogwe, swali lake la kwanza huwa: jiko liko wapi? Sebule ameiona, vyumba amevihesabu, ukumbi ameupita mpaka mlango wa nyuma, na bado hajaona pa kupikia. Huoneshwa uani. Kule ng'ambo ya ua kimesimama kibanda cha peke yake: ukuta wa fito na udongo, mlango mfupi unaomlazimu mtu kuinama, paa lililoiva kwa masizi. Ndilo jiko. Mara nyingi ndicho kitu cha kwanza anachoamua kukivunja.

Waliojenga hawakuishiwa nafasi ndani. Moto waliuweka mbali na paa la nyumba kubwa, moshi mbali na nguo na magodoro, joto mbali na wanaolala. Wala hawakuwa watu wa aina moja. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902. Katika mwaka uleule wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyopona ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na mji wa Pangani. Baada ya hapo mkonge ulipanda na bonde la mto Pangani, na pamoja nao zikaja nyumba za mameneja wa mashamba, nyumba za watu wa reli, maduka ya Wahindi yenye baraza mbele na makazi nyuma. Wazigua, Wabondei na Wasambaa walikuwa na nyumba zao tangu hapo. Watu hawa walitofautiana kwa mengi, ila kwa jiko walikuwa kitu kimoja: likae nje. Lamu, ambako ua ni haba, walilipandisha juu kabisa ya nyumba, moshi uende zake bila kumsumbua mtu.

Kibanda chenyewe hakina cha kujivunia. Anayestahili sifa ni fundi anayeitwa kukitengeneza, akakubali kukitengeneza kweli badala ya kukibomoa. Mafundi hao bado wapo, na wengi wao ni watu wa Handeni waliokua wakikandika nyumba za kwao Sindeni, Mkata au Kwamsisi. Kazi yao haina kelele wala mashine, na ndiyo maana watu huipita bila kuitazama.

Fundi wa tofali akiitwa kutazama jiko kama hilo huuliza urefu na upana, hupiga hesabu ya mifuko ya saruji, hutaja bei kabla chai haijapoa. Huyu wa udongo huzunguka. Hugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, shubiri kwa shubiri, kuanzia chini kwenda juu. Pale udongo uliposhikana na fito, mlio ni mzito na mfupi. Pale ulipoachana nazo, mlio hufunguka kama wa debe tupu, naye huweka alama ya mkaa. Huchomeka ncha ya kisu kwenye mguu wa kila nguzo kuona inazama kiasi gani. Huingia ndani saa sita mchana, jua likiwa kichwani, afunge mlango, atazame paa linapenyeza mwanga wapi. Kisha huuliza mambo ambayo mtu asingedhani ni ya ujenzi: mvua ya masika inapiga kutoka upande gani, kuku wanalala wapi, sufuria ya shughuli ina ukubwa gani.

"Mwanangu, mbona bei hutaji?" bibi mmoja mwenye nyumba alimwuliza fundi wake.

"Bibi, jiko hili ulilikuta?"

"Nililikuta nikiolewa."

"Basi nipe na kesho."

Kesho hiyo haikuwa ya kujivuta. Alikuwa amezikwangua njia za mchwa ukutani, na usiku alitaka kujua kama wangeziziba. Wakiziba, kuna kundi hai chini ya sakafu. Wasipoziba, ukuta umekwisha kuachwa na kilichobaki ni makovu. Kazi mbili hizo hazilingani hata kidogo kwa gharama.

Nguzo ya jiko haiozi yote. Juu, moshi wa miaka umeikausha ikawa kama chuma, na hakuna mdudu anayeitamani. Panapokufa ni pale udongo unapokutana na hewa, shubiri mbili juu ya ardhi na shubiri mbili chini yake. Fundi mwenye pupa huing'oa nguzo nzima, na akiing'oa huvuta fito, fito huvuta udongo, na jioni ukuta wote uko chini. Huyu wetu hukata mguu tu. Kwanza huegemeza miti miwili chini ya mtambaapanya, ule mti uliolala juu ya ukuta kubeba paa, akaikaza kwa kabari mpaka uzito wa paa uhame. Hufukua kandokando ya mguu. Hukata palipooza, akafika kwenye mti mzima, kisha hukata nusu ya unene kwa kimo cha kiganja na nusu nyingine kwenye mguu mpya, vipande viingiane. Hupigilia mambo mbili za mti, si msumari, maana msumari hushika kutu ukapasua mti kutoka ndani. Mwisho hufunga kamba ya mkonge, akiikaza kwa kuizungusha na kijiti.

Mguu mpya ukiwa wa mpingo, mjukuu wa mwenye nyumba hatauona ukioza. Kiini chake cheusi mchwa hawakiwezi, na pori kavu la Handeni linaufahamu mti huo vizuri. Siku hizi kuuvuna kunataka kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo fundi hutafuta mabaki: mchi uliovunjika, mguu wa kitanda cha zamani. Nimeona mchi uliotwanga mahindi miaka na miaka ukimalizia maisha yake ardhini, chini ya kona ya jiko lilelile.

Kisha udongo. Hapa ndipo ninapomvulia fundi kofia, kwa kuwa mkono wake unajua vitu ambavyo maabara ingevitafutia vifaa. Udongo mzuri hauchotwi popote. Anaoupenda ni wa kichuguu, kwa sababu mchwa wamekwisha kuuchambua, wakaupandisha ulio laini na kuugandisha kwa mate yao. Ukikauka hushika sana. Mdudu yuleyule anayemlia nguzo ndiye anayemtengenezea ukuta. Lakini udongo wa kichuguu mtupu hupasuka, kwa hiyo huongezwa mchanga wa mtoni, majani makavu yaliyokatwakatwa, na Korogwe, palipo na mkonge, zile nyuzi fupi zinazobaki katani ikisafishwa. Hufinyanga donge la ukubwa wa chungwa, akaliachia lianguke kutoka usawa wa kiuno. Likibapatika, maji yamezidi. Likisambaratika, mchanga umezidi. Likivunjika vipande vichache vikubwa, hapo hapo. Hakuna kipimo kingine, na sijaona kinachohitajika.

Mchanganyiko haupakwi siku hiyo. Hulazwa shimoni siku kadhaa chini ya magunia mabichi, ukikanyagwa asubuhi na jioni, mpaka majani yaanze kuoza na kutoa utelezi unaoufanya udongo unate. Harufu yake haifai kusimuliwa mezani. Mwenye nyumba asiyejua huja juu, akidhani fundi analipwa kwa kulala.

Na maji? Korogwe mto unapita mjini. Handeni ni habari nyingine. Bomba kubwa la kupeleka maji ya mto Pangani kutoka upande wa Korogwe hadi Handeni lilijengwa miaka ya 1970, lakini hata baada ya hapo Handeni haikuacha kuhesabu madumu. Jiko la udongo linakunywa maji kuliko mtu anavyofikiri. Kwa hiyo fundi wa Handeni huipanga kazi yake kwa kalenda ya mvua: udongo huchimbwa na kulazwa masika yakielekea mwisho, mwezi wa Mei, wakati madimbwi yamejaa na maji hayana bei, na ukuta hukandikwa Juni na Julai, kipupwe kikivuma. Kipupwe hukausha polepole. Jua la Januari hukausha nje kabla ya ndani, na ukuta hupasuka.

Kukandika kwenyewe ni kazi ya watu wawili, na ni hapo ningependa msomaji asimame kidogo. Mmoja yuko ndani ya jiko, mwingine nje, ukuta wa fito mtupu kati yao kama wavu. Kila mmoja ana donge mkononi. Hawahesabu kwa sauti. Wa ndani huvuta pumzi, wa nje huisikia, na madonge mawili hupigwa kwa nguvu moja, mahali pamoja, kwa wakati mmoja. Yanakutana katikati ya fito na kuwa kitu kimoja. Mmoja akichelewa, donge la mwenzake hupita upande wa pili likaanguka. Akiwahi, hewa hubaki katikati, na miaka kumi baadaye kifundo cha kidole cha fundi mwingine kitaigundua. Wakizoeana hufika mahali ambapo mlio ni mmoja tu, pa, pa, pa, kuanzia msingi hadi dirishani. Kwa siku hawavuki kimo cha magoti. Udongo mbichi hauwezi kubeba udongo mbichi mwingi juu yake, kwa hiyo hukandika mkanda mmoja kuzunguka jiko lote, wakauacha ugumu, wakarudi.

Nyufa zikitoka, fundi hafadhaiki. Huzingoja zitoke zote. Anayeziziba mapema atazikuta tena, kwa maana ukuta bado unajikunja. Zikitulia, huzilowesha kwa brashi ya majani, akazijaza udongo laini zaidi, kisha huja na mkono wa pili: udongo uliochekechwa, mchanga mwembamba na samadi ya ng'ombe. Hii hupakwa kwa kiganja, kwa duara, mpaka ukuta utoe mng'ao hafifu.

Wengi hukataa mkono huo wa pili wakadai lipu ya saruji. Sina ugomvi na saruji. Kiwanda cha Tanga kimekuwapo tangu mwaka 1980, karibu kabisa na watu wa Korogwe, na msingi, sakafu na mfereji wa maji machafu vinaihitaji. Ubaya ni kuipaka juu ya ukuta laini. Udongo hunyonya unyevu wa masika ukautoa kiangazi. Huvimba kidogo, hunywea kidogo. Saruji haivimbi wala kunywea nao. Baada ya misimu michache huachana na ukuta, hubaki imesimama peke yake mbele ya nafasi tupu, na katika nafasi hiyo mchwa hupata barabara yenye kivuli mpaka kwenye kenchi. Ukibandua lipu ya namna hiyo, unakuta udongo wa nyuma yake ni unga.

Palipojengwa kwa mawe na chokaa, kama kwenye nyumba za zamani za mashamba, kanuni ni hiyohiyo: laini kwa laini. Ufa wa ukuta wa chokaa huzibwa kwa chokaa iliyozimwa kwa maji na kulazwa shimoni muda mrefu, sehemu moja kwa tatu za mchanga, ukuta ukiloweshwa kabla na kufunikwa baada. Chokaa haikauki tu. Hugeuka jiwe tena kwa kuvuta hewa, taratibu, na anayeiharakisha kwa jua hupata vumbi. Mafundi wanaojua kuizima vizuri ni wachache zaidi kuliko wa udongo, na wengi wao wako pwani na Zanzibar.

Ukuta ukisimama, bado jiko halijawa jiko. Humo ndani kulikuwa na mafiga matatu sakafuni, na mpishi aliyepika miaka arobaini akiwa amechuchumaa ndani ya moshi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Hapo fundi habishani na mtu: mafiga lazima yapate mwenzake.

Meko mapya huyajenga kwa udongo wa kichuguu, mchanga na majivu, juu ya jukwaa la mawe. Kimo cha jukwaa hakitoi kitabuni. Humsimamisha mpishi mwenyewe, amwambie ashike mwiko kama anayesonga ugali, kisha huchora alama ukutani. Meza za majiko ya kisasa hujengwa kwa kimo cha sentimita 90 hivi, ukaongeza jiko na sufuria juu yake. Aliyekipanga kimo hicho hajawahi kusonga ugali wa watu kumi. Kusonga kunataka bega liwe juu ya mwiko na uzito wa mwili ushuke. Alama ya fundi huwa chini sana ya hapo, na bibi huiona sawa bila kuelezwa.

Mlango wa kuni huwa mdogo makusudi, ziingie kuni tatu nne na si kumi. Moto hupita chini ya sufuria ya kwanza, ukabaki na nguvu ya kuchemsha maharage kwenye tundu la pili, ndipo moshi uingie kwenye dohani. Matundu hayo hayakatwi kwa rula. Fundi huomba sufuria zilezile zinazotumika nyumbani, hupaka majivu matakoni mwake zisinate, huzibonyeza kwenye udongo mbichi na kuzizungusha nusu mzunguko. Zikitoka huacha kitako kilichokaa sawasawa, mwali usipate pa kuchungulia. Jiko la namna hii linafaa nyumba moja tu duniani, ile yenye sufuria hizo.

Dohani hupitishwa ukutani, kamwe si katikati ya paa, na hupandishwa kuupita ule mgongo wa paa. Chini yake tofali moja huachwa bila kukandikwa, livutwe kila baada ya muda masizi yakombwe. Halafu kungoja tena: wiki mbili tatu kivulini, moto wa vijiti, kisha wa kuni nyembamba, ndipo ugali. Kuna walioshindwa kuvumilia, wakaandaa pilau siku ya nne. Fundi aliitwa tena.

Ila moshi nao ulikuwa na kazi. Juu ya mafiga palikuwa na dari ya miti, Korogwe mara nyingi ya milingoti ya mkonge, ile inayochipuka mmea ukikaribia kufa, myepesi na iliyonyooka. Hapo yalining'inizwa mahindi ya mbegu na maganda yake. Moshi uliyafukuzia fukusi, na baadaye dumuzi, mdudu aliyeingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, ambaye wakulima walimpachika jina la Scania kwa jinsi alivyopakua ghala kwa kasi. Moshi huohuo uliilinda miti ya paa. Ukiuelekeza wote kwenye dohani, umewafungulia wadudu mlango. Fundi anayeijua kazi yake huacha mafiga ya zamani kwenye kona moja, chini ya dari, yawashwe siku chache baada ya mavuno mpishi akiwa nje. Mahindi ya chakula yaende kwenye mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa. Nimeshawasikia wataalamu wakiitaja kona hiyo kama uzembe. Wangemuuliza fundi.

Mtungi wa gesi nao umeshabisha hodi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka Watanzania asilimia 80 wawe wanapika kwa nishati safi ufikapo mwaka 2034, na mitungi midogo imefika mpaka vijiji vya Handeni. Kwenye jiko la udongo mtungi unakaa vizuri ukikumbuka jambo moja: gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni. Dirisha la juu halisaidii kitu. Hutobolewa tundu chini kabisa ya ukuta, likawekewa wavu wa kuzuia panya, na mtungi hukaa mbali na meko ya kuni, ikiwezekana nje ya ukuta. Udongo hutobolewa kwa panga na kuzibwa siku hiyohiyo.

Fundi huyu hulipwa kwa siku, na mara nyingi hulipwa kidogo kuliko mwenzake wa tofali, kwa kuwa watu huona udongo ni bure na mikono ni ya Mungu. Kijana anayesomea uashi VETA hutoka akijua tofali, zege na nondo, na ndilo soko lilivyo, simlaumu. Lakini kukandika hakufanywi na mtu mmoja. Wale wawili wa ndani na nje wakibaki mmoja, ujuzi umekwisha hata kama mwenye nao bado anatembea.

Kwa hiyo, wewe mwenye nyumba ya namna hii Manundu, Mombo au Chanika, ukimwita fundi wa udongo mwulize anakuja na nani. Akikwambia yuko peke yake, mtafutie kijana, na ujira wa kijana huyo uuandike kwenye hesabu ya jiko pamoja na bati na misumari.